Je, Kuongeza RAM Kutaipa Kompyuta Ndogo Kasi?



Tunazungumza nanyi leo juu ya swali dogo lenye gharama kubwa. Mtu amenunua kompyuta mpakato ndogo ya bei nafuu, aghalabu iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya steshenari yake Kahama, masomo ya mwanawe Shinyanga mjini, au hesabu za kikundi cha wachimbaji wadogo Nyarugusu. Fundi ameiwekea mfumo endeshi mwepesi wa Linux. Baada ya muda kompyuta inakuwa nzito, naye anaambiwa, "Ongeza RAM." Je, atoe fedha?

Jibu letu ni kwamba atoe pale tu kipimo kinapoonyesha kuwa RAM ndiyo iliyopungua.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa madukani. Lebo ikitaja gigabaiti 500, inataja diski, yaani mahali mafaili yanapotunzwa hata kompyuta ikizimwa. RAM ni kumbukumbu ya muda. Hushikilia kazi inayofanyika sasa, na kompyuta ikizimika yaliyomo hufutika.

Ndugu zetu wachimbaji wataelewa upesi. Prosesa ni kama karasha. RAM ni uwanja ulio mbele yake, yanaporundikwa mawe yanayosubiri kusagwa. Diski ni ghala lililo mbali. Uwanja ukiwa finyu, mawe hufuatwa ghalani kidogo kidogo, karasha ikisubiri. Hapo kupanua uwanja huleta nafuu ya kweli. Lakini uwanja ukiwa na nafasi tayari, kuupanua hakuifanyi karasha isage haraka zaidi.

Kipimo hakina gharama. Fungueni programu zote mnazotumia kwa siku ya kawaida, pamoja na kurasa za intaneti. Kisha fungueni dirisha la amri, andikeni free -h. Tazameni safu iliyoandikwa "available", inayoonyesha nafasi iliyobaki, na mstari ulioandikwa "Swap", unaoonyesha kazi iliyosukumwa diskini. Nafasi ikikaribia kwisha na Swap ikizidi kupanda, RAM imepungua. Nafasi ikiwa tele, wekeni fedha zenu. Msitishwe na safu ya "free" ikiwa ndogo, kwani Linux huazima RAM isiyo na kazi ili kuharakisha usomaji wa diski, na huirudisha inapohitajika.

Mwaka 2007, Asus ilipotoa kompyuta ndogo iitwayo Eee PC, toleo lake lililojulikana sana lilikuwa na Linux na RAM ya megabaiti 512 tu, na watu waliandika barua na kusoma habari. Kurasa za intaneti zimekuwa nzito mno tangu hapo. Hata leo mfumo mwepesi waweza kutosheka na takribani nusu gigabaiti kabla ya programu yoyote kufunguliwa. Mlaji mkubwa ni kivinjari, ambacho ukurasa wake mmoja waweza kuchukua mamia ya megabaiti. Kwa hiyo mwenye gigabaiti 1 anayeperuzi intaneti ataona tofauti kubwa akifikia 2. Mwenye gigabaiti 4 anayechapa barua na kufungua kurasa chache hatapata faida ya maana akifikia 8.

Hata RAM ikiwa imepungua, si kila kompyuta hupokea nyongeza. Kompyuta nyingi ndogo zenye prosesa ya Intel Atom N270 hukomea gigabaiti 2. Windows 7 Starter, iliyouzwa pamoja na nyingi kati yake, nayo haitumii zaidi ya gigabaiti 2, hata mkiweka nyingi zaidi. Katika kompyuta nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi na haibadilishwi. Tena RAM ya aina ya DDR2 haiingii mahali pa DDR3. Mwambieni fundi athibitishe kikomo na aina kabla ya kupokea fedha zenu.

Ikiwa kipimo kimeonyesha nafasi ya kutosha, tafuteni sababu nyingine. Diski ya kuzunguka iliyozeeka huchelewesha kuwaka kwa kompyuta na kufunguka kwa programu. Ikiwa kompyuta inaruhusu kubadilishwa diski, SSD yaweza kuleta nafuu kuliko RAM. Sababu nyingine twaijua sote katika ukanda huu: vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara na la machimbo huziba feni. Joto likizidi, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Kusafisha feni ni kazi ndogo, nayo itangulie manunuzi yoyote.

Mnaponunua, fanyeni mambo matatu. Iwasheni kompyuta dukani na mhakikishe kiasi cha RAM kinachoonekana kwenye skrini, maana maandishi ya kibandiko pekee si ushahidi. Daini risiti, na muuzaji aandike kiasi na aina ya RAM. Fundi akiongeza RAM, rudieni kipimo mbele yake, na mkabidhiwe RAM ya zamani iliyotolewa, kwa kuwa ni mali yenu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Aliyeuziwa gigabaiti 2 kwa bei na jina la gigabaiti 4 amepotoshwa. Arudi dukani na risiti yake kwanza. Asiposikilizwa, apeleke lalamiko lake Tume ya Ushindani. Risiti yenye maelezo kamili ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

Ndugu wananchi, fedha ya kompyuta hizi hutoka jashoni: katika pamba, katika duara, katika meza ya duka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi mtu akiwaambia "Ongeza RAM", mwulizeni: "Umepima?" Akionyesha kipimo, mlipeni kwa moyo mweupe. Asipokuwa nacho, pimeni wenyewe kabla ya kufungua mkoba.