Mgawanyo wa Madaraka katika Nchi na katika Chama
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kasulu na Kibondo)



Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania Bara vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Wakulima waliovimiliki hawakupiga kura. Kazi za vyama hivyo zilikabidhiwa mamlaka za mazao, na kijiji, kwa sheria ya 1975, kikahesabiwa kuwa ndicho chama cha ushirika. Vyama vikuu havikurudishwa ila kwa sheria ya 1982.

Wengi hulaumu uongozi mbovu wa vyama vya zamani, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini hapana budi kuuliza: mwanachama aliyeona amedhulumiwa angepiga hodi wapi? Katiba ya Muda ya 1965 haikuwa na hati ya haki za raia. Hati hiyo iliingizwa katika Katiba ya 1977 kwa mabadiliko ya 1984, ikaanza kutumika Machi 1985, na mahakama zikaanza kuisimamia Machi 1988.

Jambo hili liliwashughulisha Wamarekani walipokutana Philadelphia mwaka 1787. Walikuwa wametoka katika utawala wa mfalme, wakaogopa kumpa mtu mmoja kila kitu. Bunge likapewa kutunga sheria, Rais kuzitekeleza, mahakama kuamua mashauri. Rais aweza kukataa mswada, na Bunge laweza kumshinda kwa theluthi mbili za kila baraza. Haki za raia ziliongezwa 1791. (Katiba hiyohiyo iliuacha utumwa uendelee, ulifutwa kwa badiliko la 1865, baada ya vita.)

Wazee wa Buha hawahitaji kufafanuliwa sana hofu hiyo. Chini ya mwami na watware wake, aliyegawa ardhi ndiye aliyepokea kodi ya ardhi, naye ndiye aliyesikiliza shauri la ardhi hiyo.

Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania nayo yagawa kazi hizo tatu. Hata hivyo ukuta wake ni mfupi kuliko ule wa Marekani: Rais ni sehemu ya Bunge, na mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge. Kuibadilisha huhitaji theluthi mbili za wabunge wote, na kwa mambo kadhaa ya Muungano theluthi mbili za kila upande. Marekani hudai pia idhini ya robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50; ndiyo maana tangu 1789 Katiba yao imebadilishwa mara 27 tu.

Chama cha msingi kina katiba yake, nayo ni masharti yaliyosajiliwa. Mkutano mkuu huamua, bodi husimamia, katibu hutekeleza, mkaguzi huchunguza. Katibu anayepima mazao, akaandika stakabadhi, akatunza fedha na kuandaa mwenyewe taarifa ya hesabu, hata akiwa mwaminifu, amevikwa joho la mwami. Mizani na sanduku la fedha vishikwe na watu wawili. Tena taarifa ya ukaguzi isomwe kabla ya uchaguzi wa bodi. Katika vyama vingi husomwa jioni, wajumbe wamekwisha kuchaguliwa na wanachama wa mbali wameshika njia ya kwao.