Mzazi, Soma na Mtoto Wako

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa kwa redio. Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9)

Popote ulipo, jikoni, shambani au safarini, karibu tukae pamoja kwa dakika chache. Kama Biblia iko karibu, ifungue katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6. Na kama mtoto yuko karibu, mpe yeye akusomee.

Katika somo hili Musa anawaagiza Waisraeli mambo mawili juu ya maneno ya Mungu. Kwanza, yakae moyoni mwa mzazi mwenyewe. Pili, mzazi awafundishe watoto wake kwa bidii. Kisha anataja nyakati nne: mzazi akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, akilala na akiamka. Angalieni, ndugu zangu, katika nyakati hizo nne hakuna hata mmoja unaohitaji jengo la shule, wala ubao, wala kengele. Mungu alimkabidhi mtoto kwa mzazi kabla ya kumkabidhi kwa mwalimu.

Waliotutangulia katika imani walilifahamu jambo hili. Ng'ambo ya Mlima Elgon, huko Buganda, wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika mwaka 1877. Mwaka uliofuata akafika Alexander Mackay, fundi aliyefanya pia kazi ya kupiga chapa. Watu walioamini huko waliitwa "wasomi". Hawakuitwa hivyo kwa ajili ya vyeti, maana hawakuwa navyo. Waliitwa hivyo kwa kuwa aliyemtafuta Kristo alionekana akijifunza herufi. Hapa kwetu, wamisionari watatu wa Marafiki, Hole, Chilson na Hotchkiss, walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi hiyo ikaenea mpaka Lugulu, upande wa Bungoma. Huko nako kanisa na shule vilikua pamoja kama ndugu wawili.

Siku hizi neno "msomi" limebadilika. Tukimwita mtu msomi tunafikiri juu ya digrii na mshahara. Kitabu kimekuwa mali ya mtihani. Mtihani wa KCPE ulifanywa tangu mwaka 1985 mpaka 2023, na katika nyumba nyingi siku ya mwisho ya mtihani ilikuwa pia siku ya mwisho ya kusoma. Vitabu viliuzwa, au kurasa zake zikafungia mandazi. Pale Webuye kilikuwako kiwanda kikubwa cha karatasi, ambacho kilifungwa mwaka 2009. Karatasi ilitengenezwa mlangoni petu. Lakini mtu aweza kukaa karibu na karatasi maisha yake yote asisome neno.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yaliitwa mwezi wa Oktoba, na watoto wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Wako ambao hawakurudi tena. Katika miezi ile kila mzazi, apende asipende, alifanywa mwalimu.

Sisi tunakaa nje kidogo ya Kitale, nasi tulikuwa na watoto watatu nyumbani. Kila jioni, baada ya chakula, tuliweka taa mezani tukasoma sura moja, kila mtu mistari mitatu. Mdogo wao, ambaye hakujua kusoma bado, alipewa kazi ya kupitisha kidole chini ya maneno. Aliyekosea hakuchekwa. Baada ya kusoma, kila mmoja aliuliza swali moja, baba na mama pia.

Siku za kwanza tuliona jambo la kutushangaza. Mtoto wetu mkubwa alisoma mbio bila kukwama, lakini alipoulizwa amesoma nini, alinyamaza. Sauti ilikuwa imepita, maana haikubaki. Nikamkumbuka yule towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Alikuwa mtu mkubwa wa malkia wake, naye alikuwa akisoma kitabu cha Isaya garini mwake. Filipo hakumsifu kwa kusoma. Alimwuliza kama anaelewa. Towashi hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, ndipo Filipo akapanda garini, akaketi pamoja naye. Ndugu mzazi, kazi yako ndiyo hiyo: kupanda na kuketi.

Labda wewe unasema, "Mimi sikwenda shule, nitamfundisha nini mtoto wa siku hizi?" Nisikilize. Mama yangu anakaa Bungoma, na hakuingia darasani hata siku moja. Wajukuu humwita kukhu. Jioni moja mjukuu wake alikuwa akimsomea Zaburi ya 23, akaruka mstari. Kukhu, aliyekuwa akichambua maharagwe, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Rudi nyuma, umeliacha bonde." Zaburi ile yote alikuwa nayo moyoni kwa kuisikia kanisani miaka mingi. Mtoto alikuwa na macho ya kusoma, kukhu alikuwa na Neno lenyewe, na wawili hao wakawa shule moja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Timotheo. Paulo anataja imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hatuambii walisoma mpaka darasa la ngapi.

Sisemi tuwaondoe watoto shuleni, la hasha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ampe mtoto wake elimu, na walimu wetu wanastahili heshima na maombi. Ninalosema ni kwamba shule haiwezi kuchukua mahali pa meza yako. Mtoto akisoma kwa mwalimu tu, atadhani kusoma ni adhabu ya mchana. Akimwona baba yake na kitabu mkononi, atajua kusoma ni chakula cha nyumbani.

Wala tusingoje kuwa na vitabu vingi. Siku ya kupanda mahindi, mpe mtoto mfuko wa mbegu asome maandishi ya nyuma, kisha apime mwenyewe zile sentimita 75 baina ya mistari. Mpe kadi ya kliniki ya mdogo wake. Mpe barua ya shangazi. Akisoma kwa Kiswahili, mwulize kwa Kibukusu, ili ujue kama maneno yamefika moyoni. Na wewe baba, usimwachie mama kazi hii peke yake. Musa hakusema na wanawake tu.

Wapenzi, mtoto anakaa nasi miaka michache, kisha anashika njia yake. Siku moja atakuwa mbali, katika bonde lake mwenyewe, na taa yetu haitamfikia. Yatakayomfuata ni yale aliyoyasikia mezani petu. Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, soma naye mistari mitatu tu.

Tuombe. Ee Bwana, ulitupa watoto kabla hatujajua kuwalea. Tia Neno lako mioyoni mwetu kwanza, lipate kutoka kwetu kwenda kwao. Watie moyo wazazi wasiojua kusoma. Wakumbuke watoto walioacha shule, ukawafungulie njia. Uketi pamoja nasi mezani jioni hii. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.