Waziri wa Ukame Ana Kazi Kajiado Pia

Leo nazungumzia kiti kimoja cha Baraza la Mawaziri ambacho wengi wetu huku Kajiado tunadhani hakituhusu: kiti cha waziri anayesimamia kaskazini mwa Kenya na maeneo kame. Mtajie mkazi wa Kitengela wizara hiyo, atakwambia hayo ni mambo ya Turkana, Wajir na Mandera. Sisi tuko kusini, na Nairobi ndiyo hiyo hapo mlangoni. Lakini Kajiado ni mojawapo ya kaunti 23 zinazofuatiliwa mwaka mzima na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Kiti hicho ni chetu pia.

Undugu huu na kaskazini haukuanza jana. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa wake uwezo mkubwa wa kukamata watu na kuzuia nyendo zao. Sheria hiyo haikuishia Wajir na Moyale. Kajiado nayo ilitiwa humo, pamoja na Samburu, Tana River na Lamu. Ilikuja kufutwa mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru.

Na uhuru wenyewe ulitupata vipi? Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza pesa za maendeleo kule zitakakozaa haraka, penye mvua, rutuba na barabara. Faida ingetufikia baadaye, tukaambiwa tungoje.

Tulingoja hadi mwaka 1989, serikali ya Rais Moi ilipounda wizara ya kukomboa na kuendeleza maeneo kame na nusu kame. Haikudumu. Kisha Aprili 2008, Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga walipounda serikali ya mseto, ikazaliwa Wizara ya Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame. Waziri wake alikuwa Mohamed Elmi, mbunge wa Wajir Mashariki, ambaye kabla ya siasa alifanya kazi na shirika la Oxfam. Huyu ukame hakuusoma vitabuni.

Mwaka uliofuata, ukame ukampima. Serikali ilijitolea kununua mifugo iliyodhoofika, nayo ikapelekwa kwenye kiwanda cha Tume ya Nyama pale Athi River, ng'ambo tu ya Kitengela. Kiwanda kikalemewa, na ng'ombe wengine wakafa wakisubiri zamu. Aliyepita barabara ile siku hizo hakuhitaji kufika Marsabit ili ajue ukame ni nini.

Hata hivyo, wizara ile iliacha mambo mawili ya maana. La kwanza ni NDMA, iliyoundwa mwaka 2011. La pili ni sera ya maeneo kame, iliyotolewa kama Waraka wa Bunge nambari 8 wa mwaka 2012. Baada ya miaka 47, waraka wa 1965 ulikuwa umejibiwa.

Wizara yenyewe haikufika mbali. Katiba ya mwaka 2010 inataka mawaziri wasizidi 22, na serikali mpya ilipoingia mwaka 2013 kazi zake zilihamishiwa Wizara ya Ugatuzi na Mipango. Mwaka 2018 tukawa na Ugatuzi na Maeneo Kame chini ya Eugene Wamalwa. Mwaka 2022 tukaunganishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki na Maendeleo ya Kanda chini ya Rebecca Miano. Oktoba 2023 akaja Peninah Malonza. Agosti 2024 akaapishwa Beatrice Askul Moe. Mawaziri watatu katika muda usiotimia miaka miwili! Na kila mmoja wao alikuwa na vikao vya Jumuiya vya kuhudhuria Arusha kabla ya kufikiria kisima cha Mashuuru.

Wako wanaosema wizara hii haina kazi tena, kwa kuwa tuna ugatuzi na tuna gavana. Hoja hiyo haisimami. Malisho yakikauka Kajiado, mfugaji anavuka kwenda Makueni, anavuka kwenda Tanzania, na mara nyingine anaingiza ng'ombe wake hadi Nairobi. Gavana gani ana mamlaka ya njia yote hiyo? Ukame ni jambo la taifa.

Na wewe wa Kitengela unayefuga kuku tu, usijitoe. Ploti uliyojengea ilikuwa malisho. Ng'ombe wakiisha, mfugaji huuza shamba ili asomeshe watoto, nasi wa mjini hununua na kuweka ua. Mvua ikirudi, njia ya mifugo imeshafungwa. Mtikiso mmoja wa ukame huacha jeraha la kudumu.

Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini, na Kajiado ilipigwa vibaya. Taarifa za tahadhari za NDMA zilikuwa zikitoka kila mwezi. Kilichochelewa ni pesa.

Ndiyo maana nasema tusishindane tena kuhusu waziri atoke kabila gani au wizara iitwe nini. Mawaziri wamekuja na kuondoka. NDMA imebaki kwa sababu mwaka 2016 Bunge liliipa sheria yake. Sheria hiyo hiyo imeanzisha Hazina ya Dharura ya Ukame, na hapo ndipo pa kumbana mkubwa.

Bajeti ijayo ikisomwa, muulize mbunge wako, muulize seneta wa Kajiado: hazina hiyo imetengewa shilingi ngapi, na je, zitatoka kabla ng'ombe hawajaanza kuanguka? Asiyekuwa na jibu, mkumbuke siku ya kura.