Naamani Hakuishia Mara ya Nne



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, tunasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Elisha alimwagiza ajichovye mara saba katika Yordani. Je, angalitoka majini baada ya mara ya nne, ingalikuwaje?

Twauliza kwa sababu jambo hili limo nyumbani mwetu. Soweto East, Kibera, na kule Kawangware, mtoto akikohoa wengi wetu hukimbilia kemisti kununua antibiotiki, pengine vidonge vinne tu, maana fedha iliyopo ni ya unga. Homa ikishuka, vilivyobaki hufungwa katika karatasi, apewe jirani. Utafiti wa Kibera uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ujuzi wa watu juu ya dawa hizi ni wa juujuu.

Basi tujue: antibiotiki huua bakteria, wala haziui virusi vya mafua. Bakteria wakionja dawa kidogo, walio hodari husalia na kuzaana, na dawa ile haiwawezi tena. Si mwili wa mgonjwa uliozoea dawa, ni vijidudu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Na vijidudu hivyo sugu hupita kwa mikono, kwa maji machafu na kwa choo cha pamoja, hata vikamfikia mtoto wa jirani. Yakadiriwa kwamba mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani.

Lakini tusimhukumu mama aliyenunua nusu ya dawa. Naamani naye alikasirika akageuka aende zake. Watumishi wake ndio waliomsihi kwa upole, akashuka mtoni. Nasi tuwe kama watumishi hao. Jirani akiugua, tumsindikize kituo cha afya apimwe. Akiambiwa hahitaji antibiotiki, tumtie moyo akubali. Akiandikiwa dawa ya siku saba naye ana fedha ya siku mbili, ushirika wetu uchange iliyopungua.

Ee Bwana, utufundishe kutii hata mwisho, na kuchukuliana. Amina.