Jirani Asiyejulikana Hana Mlinzi



Hapa Busia ndipo baiskeli za abiria zilipopata jina la boda boda, kwa kuwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Hata leo, wakazi wengi wa mitaa ya pembezoni huondoka alfajiri na kurejea usiku. Nyumba zinapakana, wenye nyumba hawajuani. Mwizi akitoa godoro mchana kweupe, jirani hudhani mpangaji anahama. Huenda hata akamsaidia kulifunga.

Kufuli haliponyi ugonjwa huo, wala doria peke yake haitoshi. Kwa hiyo tunapendekeza michezo. Jumapili moja kila mwezi, mtaa ukutane uwanjani: kuvuta kamba, mbio za magunia, bao kwa wazee, na mbio za baiskeli za polepole, ambazo mshindi ni wa mwisho kufika, na anayegusa chini kwa mguu hutolewa. Mwendesha boda boda aliyezoea haraka atatuchekesha sana, nasi tutalijua jina lake.

Timu zigawanywe kwa vichochoro, si kwa kabila wala uraia. Nasi askari tutavuta kamba bila sare, na tukiangushwa tutakubali.

Aliyecheka nawe Jumapili atauliza Jumatatu: "Huyo anayebeba godoro ni nani?" Swali hilo moja ndilo ulinzi tunaoutafuta.