Kujitawala Ni Kutunza

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu mmoja, fundi bomba aliyestaafu, mbele ya mkutano wa wanachama wa Dar es Salaam. Tunayachapa yote kwa kuwa wengi waliohudhuria wametuomba tuyachape. – Mhariri)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mali ya mji. Leo sitasema juu ya mambo makubwa ya dunia. Nitasema juu ya bomba, mtaro na barabara. Labda yuko mtu hapa anayejiuliza moyoni, je, mambo haya nayo ni siasa? Mimi namjibu kwamba ndiyo, tena hasa. Wazee wetu walioanzisha TANU katika mji huu tarehe 7 Julai 1954 hawakudai uhuru kwa ajili ya bendera peke yake. Walidai haki ya kuyaendesha mambo ya nyumbani kwetu sisi wenyewe. Na mambo ya nyumbani huanza na maji ya kunywa na njia ya kupita.

Kujenga tumejua. Hapana mtu awezaye kutunyima sifa hiyo. Mwaka 1957, wakoloni walipohesabu watu, Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 130,000. Mwaka 1959 ukaanza kazi mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Mwaka 1976, tukiwa tumekwisha kujitawala, tukaongeza mtambo wa Ruvu Chini. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huu ulikuwa na watu 5,383,728. Mitambo nayo imepanuliwa: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili shukrani.

Lakini maji yakitoka Ruvu hayaruki hewani kama ndege. Yanapita ndani ya mabomba, na mengine ya mabomba hayo ni mazee. Mtambo mpya hauzibi tundu la bomba la zamani. Mtungi ukiwa umetoboka, dawa yake si kuongeza ndoo za maji. Dawa yake ni kuziba tundu.

KISA CHA PAMPU

Nataka niwape kisa kimoja. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika mji mmoja wa bara, na jina lake nitaliacha. Mji ule ulikuwa na pampu moja tu ya maji. Siku moja pampu ikaanza kunguruma na kupata moto. Mkubwa wetu wa kazi akaandika barua kwamba beringi imekwisha, inunuliwe nyingine. Bei yake haikufika hata mshahara wangu wa mwezi mmoja. Barua ikarudi na jibu: hapana kifungu. Tukaandika mara ya pili. Jibu likawa: ngojeni bajeti ijayo.

Sisi tulingoja, lakini pampu haikungoja. Mwezi wa nne shafti ikalika. Mwezi wa tano mota ikaungua. Mama zetu wakarudi mtoni na ndoo kichwani, na hali hiyo ikaendelea miezi tisa. Halafu ikapatikana pampu mpya ya msaada. Tukapiga ngoma, tukakata utepe, wakubwa wakahutubia, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Jioni nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Na hii mpya, beringi yake imewekewa kifungu?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Ni miaka mingi sasa, na swali la mke wangu bado lanifuata. Kila nionapo utepe unakatwa nalisikia tena.

VITU VYA MJI HUFAJE?

Yafaa tujue vitu hivi hufaje, maana adui usiyemjua huwezi kumpiga.

Barabara ya lami haiuawi na magari peke yake. Muuaji wake mkubwa ni maji. Ufa mdogo huingiza mvua chini ya lami, kifusi cha chini kikalainika, gari likapita, lami ikabonyea, shimo likazaliwa. Ufa ule ungezibwa mapema kwa lami kidogo. Mtaro wa pembeni ungezibuliwa kwa jembe na toroli. Lakini tukiacha mpaka msingi uharibike, hapana kiraka kitakachofaa. Itabidi kufukua na kujenga upya. Mababu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wala hawakuiona lami.

Msidhani hayo ni maneno ya vijiweni. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 1994, ilisema kwamba katika miaka kumi iliyotangulia Afrika ingalitumia dola bilioni 12 kutengeneza barabara zake kwa wakati, ingaliokoa dola bilioni 45 za kujenga upya. Yaani kwa kila dola moja tuliyoibana, tulijitwisha mzigo wa karibu dola nne. Na fedha za kujenga upya mara nyingi huwa za mkopo. Basi mtu aliyeacha kuziba ufa hakuokoa kitu. Alikopa kwa jina la watoto wetu bila ya kuwauliza.

Bomba nalo lina tabia yake. Likijaa maji wakati wote, kwenye tundu husukuma maji nje. Hiyo ni hasara ya fedha. Lakini maji yakikatwa, bomba huweza kunyonya lililo nje, na nje ya bomba pengine kuna dimbwi la maji ya choo. Hiyo ni hasara ya roho za watu. Kipindupindu kilichozuka hapa Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kilitukumbusha kwamba maji safi si jambo la kuachiwa bahati.

MJI UKIKOSA MWENYEWE

Sasa nitasema neno gumu kidogo, na wazee mtaniwia radhi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, watu walifurahi kwa sababu mji ulikuwa umepata mwenyewe. Lakini mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakaja kuvunjwa. Nia ilikuwa njema: kuyasogeza maendeleo karibu na wananchi. Matokeo yake ni kwamba miji ilikosa mtu wa kuulizwa. Huduma zikadhoofika, hata ikabidi mwaka 1978 itungwe sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kiongozi mkubwa ni yule awezaye kusema hivyo mbele ya watu wake.

Fundisho lake ni hili: mali isiyo na mwenyewe haina mtunzaji. Na leo hatari inakuja kwa mlango mwingine. Wenyewe sasa ni wengi. Maji yana mamlaka yake. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Nguzo za umeme zina shirika lake. Masoko na taka ni kazi ya Halmashauri. Kila mmoja ana kazi yake, na hiyo si vibaya. Lakini nani kati yenu hajaona lami ikimwagwa mwezi wa saba, na mwezi wa kumi ikachimbwa kupitisha bomba? Aliyemwaga hakumwuliza mwenye bomba, na mwenye bomba hakumwambia mwenye lami. Hasara ikatuangukia sisi tuliowalipa wote wawili.

DAFTARI

Wafanya biashara wa pwani wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka, hata likiwa dogo, anajua ana kanda ngapi za mchele na ngapi zimeingia wadudu. Je, mji wetu unajua una mitaro mingapi? Ilijengwa mwaka gani? Ipi ni mizima, ipi imebomoka? Ipi ikifa leo itaiua na barabara iliyo juu yake?

Daftari la namna hiyo si karatasi ya kumpendeza mkaguzi. Ndilo linalotuwezesha kuchagua. Fedha hazitatosha kamwe kutengeneza kila kitu, na anayewaambia zitatosha anawadanganya. Lakini mwenye daftari anajua aanze na lipi: bomba kubwa linalolisha hospitali litangulie bomba dogo, na barabara ambayo bado ni nzima izibwe nyufa kabla haijafa, badala ya kungoja ife ndipo tulie. Asiye na daftari huanza na yule anayepiga kelele zaidi.

YATIMA WA MJI

Tutazame fedha. Barabara zina Mfuko wa Barabara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Kila anayenunua petroli au dizeli anachangia. Maji yana ankara ya kila mwezi. Hata kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba wananchi hawalipi. Wanalipa!

Lakini mtaro mkubwa wa maji ya mvua hauna ankara. Hapana mtu anayelipia mtaro, wala hapana anayeukumbuka kiangazi. Huyo ndiye yatima wa mji. Nendeni Jangwani mkatazame. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili. Mchanga unaoteremka na mto Msimbazi hujaa chini ya daraja, na mara nyingi mvua kubwa zimefunga Barabara ya Morogoro pale pale. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa bondeni humo, imefurika mara kadhaa tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016. Mwaka 2022 ukakubaliwa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia kwa ajili ya bonde hilo. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Lakini nasema mbele yenu: daraja jipya lisipowekewa fedha za kuondoa mchanga kila mwaka, mto hautajali kwamba daraja ni jipya.

Na sisi wananchi tusijifiche nyuma ya Halmashauri. Nani anatupa takataka mtaroni usiku? Nani anajenga choo juu ya bomba? Nani anang'oa mfuniko wa chemba na kuupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, halafu mtoto wa jirani akatumbukia? Hao si mabeberu. Ni sisi. Mkoloni tulimfukuza; mazoea ya kudhani kwamba mali ya umma ni mali ya mkoloni bado hatujayafukuza.

TUFANYE NINI?

Sipendi hotuba inayoishia kwenye malalamiko, kwa hiyo natoa kazi.

Kwanza, kila tawi limwite diwani wake na kumwuliza maswali manne kwa adabu lakini bila ya kuogopa: Tunayo mali gani katika kata hii? Imebakiwa na miaka mingapi ya kutumika? Kuitunza kwataka fedha kiasi gani kwa mwaka? Na fedha hizo ziko kifungu gani? Asipojua leo, apewe muda akatafute, kisha aitwe tena.

Pili, tukiletewa kitu kipya, kiwe cha kodi zetu, cha mkopo au cha msaada, tuulize bei ya kukitunza kabla ya kukata utepe. Zawadi usiyoweza kuilisha itakuaibisha.

Tatu, fedha za matengenezo zisiguswe. Bajeti ikipunguzwa, kifungu cha kwanza kukatwa huwa ni cha matengenezo, kwa sababu bomba halina kura na mtaro hauandamani. Basi sisi wenye kura tuwe sauti yake.

Nne, tuwaheshimu mafundi. Kijana anayejua kusikiliza pampu na kusema "beringi hii ina wiki mbili" ni hazina ya taifa. Afundishwe, apewe vifaa, na barua yake isilale mezani.

Na tano, kila mtaa usafishe mitaro yake kabla ya masika. Hiyo haingoji bajeti.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu walituachia nchi. Hawakutuachia deni la kuwatawala wageni kwa niaba yetu. Walituachia kazi ya kujitawala. Mtu aliyejenga nyumba na kuiacha ivuje hajajitawala. Mvua ndiyo inayomtawala. Nataka wajukuu wetu, watakapofungua bomba na maji safi yakatoka, wasijue hata majina yetu. Inatosha wayakute maji.

Uhuru na Kazi!