Mota isiyo na sumaku na riziki ya fundi wetu



Ukipita Tandale wilayani Kinondoni, au Tandika na Mbagala kule Temeke, hukosi kuona banda lenye mota zilizofunguliwa na fundi aliyeinama akihesabu mizunguko ya waya wa shaba. Huyo ndiye fundi wa kusuka mota. Mashine ya kusaga ikiungua, kina mama hurudi nyumbani na mahindi yao bila unga, na mwenye mashine hukaa akihesabu hasara mpaka fundi huyu amalize kazi yake. Leo napenda tumzungumzie yeye, kwa sababu ipo mota ya namna nyingine inayoweza kumnufaisha sana au kumfungia banda.

Kwanza tuitazame mota tuliyoizoea. Hii hula umeme moja kwa moja kutoka kwenye nguzo, na umeme ukipungua, nguvu yake ya kuzungusha hupungua kwa kasi zaidi. Chukua nyumba iliyo mwisho wa laini, ambako volti 230 zimeshuka hadi 184, yaani upungufu wa asilimia 20. Mota hapo hubakiwa na takriban asilimia 64 tu ya nguvu hiyo, ilhali mahindi ni yale yale. Basi huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na hatimaye waya huungua. Na ile ya fezi tatu, fezi moja ikikatika bila mwenyewe kujua, hunguruma kidogo na kuteketea. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia. Lakini megawati hizo hazimfai mwenye mashine wa Mbagala ikiwa waya na transfoma za mtaani kwake zimezidiwa.

Mota hiyo nyingine wataalamu huiita mota ya rilaktansi. Sehemu yake inayozunguka haina waya wala sumaku. Ni chuma kitupu chenye meno, mfano wa gia. Pembeni zimepangwa koili, kila moja ikiwa imezungushiwa jino lake. Koili ikiwashwa huvuta jino la chuma lililo karibu. Jino likishafika mbele yake, koili hiyo huzimwa na ya pili huwashwa, na hivyo chuma huendelea kuzunguka. Kila kundi la koili hujitegemea, hivyo moja likiungua mengine yanaweza kuendelea na kazi, ingawa kwa nguvu pungufu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1842, Robert Davidson wa Aberdeen, Uskoti, alijaribu injini ya reli ya aina hii, inayotumia betri, katika njia ya Edinburgh na Glasgow. Kilichokosekana wakati huo ni swichi nzuri. Hizo zilikuja pamoja na elektroniki, na kuanzia miaka ya 1970 Profesa Peter Lawrenson na wenzake kule Leeds, Uingereza, waliifanya mota hii kuwa kitu cha kiwandani.

Ugumu wake uko kwenye saa. Mota yenye meno sita nje na manne ndani, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutaka koili ziwashwe na kuzimwa mara 600 kila sekunde. Koili ikichelewa kuzimwa, huvuta jino kurudi nyuma, na mota hujipiga breki yenyewe. Saa ikikosewa, mota hutetemeka na kupiga kelele. Isitoshe, chuma nacho hushiba: ukifika kiwango fulani, kuongeza umeme hakuongezi sana nguvu ya sumaku. Kwa hiyo wahandisi hupima mota katika kila pembe na kila kiasi cha mkondo, wakatengeneza jedwali, na jedwali hilo huwekwa ndani ya kontrola. Kontrola bila jedwali sahihi ni sawa na dereva aliyefungwa macho.

Hapo ndipo riziki ya fundi wetu inapoingia. Kusuka koili hizi ni kazi nyepesi kuliko ile anayoifanya leo. Lakini akibadilisha idadi ya mizunguko, jedwali lililomo ndani ya kontrola huwa limesema uongo. Na jedwali aghalabu ni siri ya kiwanda.

Msikilizaji anaweza kuuliza, yatuhusu nini? Bajaji na pikipiki za umeme zimekwisha anza kupita mitaani mwetu. Nyingi hutumia mota zenye sumaku za kudumu, ambazo madini yake husafishwa zaidi nchini China. Aprili 2025 China ilipoweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini hayo na sumaku zake, viwanda vya magari duniani vilitaharuki. Sisi tunayo madini hayo kule Ngualla, mkoani Songwe, lakini mwamba ulio ardhini si sumaku. Ndiyo maana mota isiyohitaji sumaku inatafutwa upya.

Rai yangu ni hii. Vyuo vyetu vya ufundi, kikiwemo cha VETA pale Chang'ombe, vimwite fundi wa mtaani afundishwe kontrola bila kumdai vyeti asivyonavyo, maana mkono wake tayari unaijua shaba. Wanaoruhusu vyombo vya umeme kuingia nchini wadai kila muuzaji alete idadi ya mizunguko, unene wa waya na jedwali la mota yake. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa fedha, uliza: ikiungua, nani ataitengeneza hapa hapa mtaani? Akikujibu kwamba utanunua nyingine, ujue umeuziwa chombo cha kukodi kwa bei ya kumiliki.